Senje Ameposwa, Watoto Wamenuna

Halifax ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, mji wa vilima na kuta za mawe, uliotajirika zamani kwa sufu na mazulia. Naanza na jiografia kwa sababu ukimwambia mtu wa Nakuru kwamba umekesha na tamthilia ya Waingereza, atadhani ni mambo ya London, na London sisi tunayo yetu, mtaa ulio upande wa Menengai, usio na malkia wala mfalme. Last Tango in Halifax ni kitu kingine. Kuna mashamba ya kondoo yenye ukungu ambayo mtu wa Molo hahitaji kuelezwa. Kuna wazee wawili, Alan na Celia, wote wamefiwa na wenzao, wote wamevuka miaka 70. Walipendana wakiwa vijana miaka ya hamsini, kisha wakapoteana. Wajukuu wao wakaweka habari zao Facebook, wakapatana, wakaenda kunywa chai pamoja, na kabla kipindi cha kwanza hakijaisha wanawaambia watoto wao kwamba wanaoana.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na kazi yenyewe si ya wazee.

BBC ilianza kuirusha Novemba 2012, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya BAFTA ya tamthilia bora. Alan anaigizwa na Derek Jacobi, Celia na Anne Reid. Mwandishi wake, Sally Wainwright, kisa alikitoa nyumbani kwao. Mama yake mzazi, akiwa mjane, alimpata tena mvulana aliyempenda ujanani, miaka kama 60 baadaye, kupitia Friends Reunited, mtandao wa kuwatafuta watu mliosoma nao. Wakaoana. Nadhani ndiyo maana tamthilia hii inalijua jambo moja ambalo mtu anayebuni tu angelikosa: mwanamke wa makamo anaweza kuwa mkuu wa shule, ana nyumba kubwa Harrogate, ana watoto wa kiume wawili, na bado akisikia mama yake anapendwa akanuna kama mtoto aliyenyimwa uji.

Huyo ni Caroline, binti ya Celia. Binti ya Alan ni Gillian, mjane naye, anayefuga kondoo na bado anakwenda kufanya kazi dukani ili mwezi uishe. Wote wawili nyumba zao zinavuja. Mume wa Caroline ametoka na mwanamke mwingine kisha anataka kurudi. Gillian ana siri juu ya kifo cha mumewe ambayo singependa kuimaliza hapa, ingawa nitalazimika kuigusa. Wanaojua kupenda kwa utulivu ni wale wazee, na watoto wanawatazama kwa hasira ya watu waliopitwa.

Kwetu mzee wa kwenye runinga ana kazi tatu: kukataa ndoa ya mtoto, kutoa radhi akiwa kitandani, na kufa bila kuacha wosia ili vipindi 40 vinavyofuata vipate cha kugombania. Wanandoa wazee tuliowapenda kweli walikuwa Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa Vitimbi, pale KBC. Benson Wanjau na Mary Khavere waliigiza mtu na mkewe kwa miaka mingi hata wengi wakaamini wanalala nyumba moja. Wanjau alipofariki Julai 2015, pale kwetu watu walimpa pole Mama Kayai kama mjane wake. Lakini hata hao tuliwakuta tayari wameoana. Hatukuwahi kuwaona wakitongozana. Nikijaribu kuwaza kipindi kizima Ojwang' akiwa mgane, na lile koti lake, akimwomba mama fulani sokoni namba ya simu, najua tungecheka. Tungecheka tukitazama pembeni.

Aliyenielekeza kwenye tamthilia hii ni binamu yangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Yorkshire, si mbali na hiyo Halifax. Ni kazi wanayoifanya Wakenya wengi Uingereza siku hizi: kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani, kusikiliza hadithi moja mara kumi. Alinipigia akasema wazee wake wanaipenda. "Dada, tazama na Mama," akaniambia. "Mtacheka, na atajua huku niliko kunafanana vipi."

Mama yake ni Senje wangu, dada ya baba. Ni nesi mstaafu. Anaishi Lanet, katika nyumba aliyoijenga kwa mkopo wa chama cha ushirika, tofali kwa tofali, wakati mumewe akisema ni heri pesa hizo ziende Emuhaya, kule Vihiga, zikajenge nyumbani. Tangu afiwe amekaa peke yake na kuku na redio. Jumapili baada ya kanisa mimi huenda kwake, napika chapati, yeye anasimamia. Basi tukawa tunatazama vipindi viwili kwa mpigo, mimi nikimtafsiria pale Kiingereza cha Yorkshire kinapomeza nusu ya maneno. Kwa kweli mara nyingi alikuwa ananitafsiria yeye. Amefanya kazi wodini na kila aina ya daktari.

Alimpenda Gillian toka mwanzo. "Huyu ni mtu wetu," alisema alipomwona na gambuti kwenye matope. Na alikuwa na maoni. Karatasi ile iliyowatenganisha wapenzi, kwa mfano: Celia alipohamia Sheffield na wazazi wake, alimwachia rafiki yake karatasi yenye anwani ampe Alan. Rafiki hakuipeleka. Baadaye rafiki huyo huyo akaolewa na Alan. Mimi nilimwona mwovu. Senje hakukubali. "Alikuwa na miaka mingapi? Kumi na sita? Nani asingeitia mfukoni?" Akaendelea kunyonya ndimu yake.

Tulipofika pale Gillian anapoolewa na Robbie, Senje alipiga kofi la paja. Robbie ni ndugu ya marehemu mumewe. "Kumbe na wazungu wanarithi!"

Tulicheka hadi tukasimamisha picha. Lakini nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile kuliko jambo jingine lolote katika tamthilia nzima. Mtazamaji wa Uingereza anaona hapo fumbo la mtu na nafsi yake: mwanamke aliyepigwa na kuteswa na mumewe, ambaye kifo cha mume huyo si safi kama alivyokieleza, anaolewa na nduguye, tena polisi, aliyekuwa akimshuku. Mtazamaji wa magharibi mwa Kenya anaona utaratibu. Kwa Waluo kuna tero, desturi ya kumrithi mjane, na Waluhya tuna njia zetu za kumweka mjane chini ya shemeji, na pote pawili swali la kama mjane anampenda huyo shemeji huwa halijaandikwa kwenye ajenda ya kikao. Huko Halifax hakuna kikao. Hakuna mzee wa ukoo aliyekalia kigoda akaamua. Gillian anajiingiza mwenyewe, kwa miguu yake, na dhamiri yake ndiyo inayomfanyia kikao usiku. Sijui ni lipi gumu zaidi. Senje alisema la Gillian ni gumu zaidi, kwa sababu wazee wa ukoo angalau huchoka wakaenda kula.

Kuna jambo lililompotezea Senje furaha. Caroline anampenda mwanamke mwenzake, Kate, mwalimu katika shule yake. Celia, ambaye kila mtu ametakiwa ashangilie penzi lake la uzeeni, anakataa kwenda kwenye harusi ya binti yake. Siku moja baada ya harusi hiyo Kate anagongwa na gari na kufa. Mimi najua Wakenya wengi, hata miongoni mwa wasomaji wangu, wana maoni yao kuhusu ndoa ya namna hiyo, na Senje ni mama wa kanisa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha alisema, "Angeenda tu akae nyuma." Hakusema zaidi, nami sikumwongoza.

Hilo ndilo lililonifanya niiamini tamthilia hii. Ingekuwa rahisi kuwafanya Alan na Celia watakatifu wenye mvi. Badala yake Celia ana ulimi mkali, ana majivuno ya kitabaka, ana chuki anazoziita kanuni. Alan naye, mpole hivyo, inagunduliwa ana mtoto wa nje aliyemzaa akiwa kwenye ndoa, na Celia, ambaye mume wake wa kwanza alimsaliti, anaumia upya kama vile ameguswa kovu. Kupendwa ukiwa na miaka 70 hakukuondolei chochote ulichokuja nacho. Unaingia na mizigo yote, na mwenzako anaingia na yake, na chumba ni kidogo.

Msimu wa 2020 ndio bora kuliko yote, ingawa wengi walioanza nayo hawakufika huko. Ndoa ina miaka saba. Fungate limekwisha. Alan ameamua kwenda kufanya kazi kwenye supamaketi, Celia anaona aibu. Celia anataka jiko jipya la bei kali, Alan hataki hata kusikia bei. Siasa zao hazipatani: mmoja ni wa Labour, mwingine wa Conservative, na gazeti la huyu ni sumu kwa yule. Ni ugomvi wa kawaida kabisa, ugomvi wa watu wa miaka 30, na wanaufanya kwa nguvu zote. Nilifurahi sana. Hakuna anayewaandikia wazee ugomvi wa kawaida. Huwa wanapewa ugonjwa.

Ni katikati ya habari za jiko ndipo Senje aliposema, macho bado kwenye runinga, "Na mimi nimeposwa."

Mwanamume mwenyewe anaishi Kisumu, mtaa wa Migosi. Alikuwa mtu wa reli hadi alipostaafu, mgane, nyumbani kwao ni Nyakach. Senje anamwita Jaduong', kwa heshima ya Kiluo na kwa utani wa Kiluhya. Walikutana kwenye kamati ya mazishi ya nesi mmoja waliyemfahamu wote wawili, Jaduong' akiwa mweka hazina. Siku ya kuvunja kamati alisimama akasoma hesabu ya michango hadi shilingi ya mwisho, na hesabu ikatimia. "Mwanamume wa kusoma hesabu ya matanga ikatimia," Senje aliniambia, "hutokea mara ngapi?" Baadaye akampigia simu kuuliza kama alifika Nakuru salama. Kesho yake akapiga kuuliza kama amekula.

Watoto wa Jaduong' walipoambiwa walifurahi. Mmoja alisema, "Afadhali, nani angempikia mzee?" Sina haja ya kuwaeleza mengi hapo. Mwanamume akifiwa, mwaka hauishi kabla watu hawajaanza kumtafutia. Mwanamke akifiwa anaambiwa atulie na watoto wake, hata kama mtoto wa mwisho ana kipara.

Watoto wa Senje hawakufurahi. Kaka mkubwa, wa Nairobi, aliuliza swali ambalo nilijua litakuja: "Atazikwa wapi?" Si "anampenda", si "ana afya gani", si hata "kabila gani", ingawa hilo lilifuata. Emuhaya, upande wa kaburi la marehemu, pameachwa nafasi. Simenti ilimwagwa kwa hesabu ya makaburi mawili. Mama akiolewa Nyakach, nafasi ile inabaki wazi mbele ya kila mgeni anayeingia bomani.

Hii nchi iliwahi kusimama nzima kwa swali hilo. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, akataka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani na maiti ikakaa miezi mitano. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Watu hukumbuka hapo na kuishia hapo. Mimi hupenda kukumbuka Julai 2003, Wambui akiwa na miaka 67, alipofunga ndoa ya serikali na Peter Mbugua, mwashi wa mawe aliyekuwa bado katika miaka ya ishirini. Kelele zilizopigwa mwaka ule zilizidi za mwaka wa kesi, au ndivyo masikio yangu yanavyokumbuka. Mwanamke aliyepigania Uhuru, aliyepambana na ukoo mzima mahakamani, akawa kichekesho cha matatu kwa sababu ya kuolewa. Alifariki Agosti 2011 akiwa bado mke wa mtu huyo huyo.

Senje hataki mambo ya Wambui. Jaduong' ana miaka 72. Ila hata hivyo swali la mali lilifika, na niseme wazi kwamba si swali la kijinga. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, inasema mtu akifa bila wosia akaacha mke au mume na watoto, yule aliyebaki anapata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote, na watoto wanangoja. Kwa hiyo Senje akiolewa leo na kufa kesho bila kuandika chochote, Jaduong' anaweza kukaa katika nyumba ya Lanet huku watoto waliosomeshwa na nyumba hiyo wakisubiri. Kifungu hicho hicho, cha 35, kiliandika pia kwamba haki hiyo ya mjane wa kike inakoma akiolewa tena. Mgane hakuwekewa sharti hilo. Katiba ya 2010 ilipokuja na ibara ya 45 ikisema wanandoa wana haki sawa, watu wakaanza kukipinga kifungu hicho mahakamani, lakini kule kijijini hakuna aliyengoja hakimu. Mjane akiondoka, shamba limerudi kwa wenyewe. Na shamba lenyewe ni la kupimwa kwa hatua. Sensa ya 2019 ilikuta Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba. Huko hata mgomba una kesi.

Senje alilisikiliza lote hilo kwenye simu, spika ikiwa imefunguliwa, mimi nikiwa shahidi. Kisha akafanya jambo la kinesi: akaandika orodha. Shamba la Emuhaya halitaki, wagawane sasa akiwa hai. Nyumba ya Lanet ataiandikia wosia, watoto wote watatu sawa kwa sawa, na Jaduong' atatia saini karatasi ya wakili kwamba haitaki. Jaduong' alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Yeye ana nyumba yake na pensheni yake, hata kama pensheni ya reli ni hadithi ya siku nyingine. Hata kuhusu kaburi Senje alikuwa na jibu: yeye atazikwa Emuhaya pale palipoachwa, na Jaduong' atazikwa Nyakach karibu na mama watoto wake. "Tukifa kila mtu arudi kwao," alisema. "Tunaloomba ni hapa katikati."

Sheria imetimizwa, mali imelindwa, kaburi limejazwa. Nilifikiri tumemaliza.

Kaka wa Nairobi alinyamaza kidogo, akasema sawa, na tangu hapo ameanza hata kuuliza Jaduong' anashabikia Gor Mahia au vipi. Aliyekataa kabisa ni binamu yangu wa Yorkshire. Yeye ambaye angepata theluthi ya nyumba kwa maandishi. Yeye aliyetuma tamthilia. Alilia kwenye simu hadi nikaogopa kuna jambo limempata kazini.

Siku kadhaa baadaye aliniambia, mimi peke yangu. Mama yake alikuwa amemwambia neno moja katika kujitetea: kwamba katika ndoa yake yote hakuna aliyewahi kumpigia kuuliza kama amekula. Basi. Neno dogo. Lakini binamu yangu alimpenda baba yake sana, mzee mmoja mkimya, mchapa kazi, mtu wa kanisa, na picha yake iko ukutani mwa chumba anachopanga huko ugenini. Amekua akijua nyumba yao ilikuwa nzuri. Sasa anaambiwa mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo alikuwa na njaa.

Tamthilia hii inalielewa jambo hilo barabara. Celia aliishi miaka mingi na mume aliyemsaliti, na Caroline alidhani aliyajua yote hayo. Kuyajua ni jambo moja. Kumwona mama yako akicheka na mwanamume mwingine kicheko ambacho hukukisikia hata mara moja ulipokuwa mtoto, hilo ni jambo la pili, na ndilo linalouma. Mpenzi wa uzeeni huleta ushahidi. Kila anachokifanya vizuri kinaonyesha kilichokosekana, na watoto ndio waliolelewa ndani ya ukosefu huo wakiuita nyumbani. Shamba, kaburi, kabila, kanisa litasemaje: naona sisi tumebahatika kuwa na visingizio vingi vyenye uzito. Caroline maskini hakuwa na shamba la kugombania, ikabidi agombane na mama yake uso kwa uso.

Sikumwambia binamu yangu maneno haya. Nilimuuliza kama wale wazee anaowatunza wanatembelewa na watoto wao. Alisema wachache. Nikauliza, kati yao kuna waliopendana pale pale? Alinyamaza, kisha akacheka bila kutaka. Wako wawili, alisema, wa vyumba vya kukabiliana, na wafanyakazi wote wanajifanya hawajui, na yeye ndiye anayewapangia viti wakae karibu wakati wa chakula. "Lakini hao si mama yangu," akasema.

Ndoa itafungwa kwa msajili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya siku 21 kwa ndoa ya serikali, na haijali umri ilimradi umetimiza 18. Senje alipoona sanduku la umri kwenye fomu aliuliza kama mwisho wake ni ngapi. Karani, kijana wa watu, alisema, "Hakuna mwisho, Mama," kwa sauti ya kumpongeza.

Watakaa wapi ni kazi nyingine. Senje hawezi Kisumu: joto, na mbu wanaomjua kwa jina. Jaduong' hawezi Lanet: baridi ya asubuhi inamshika magoti. Kwa sasa wanapishana, wiki mbili huku, wiki mbili kule, kwa matatu ya Kericho. Pale Mau Summit lazima mmoja ampigie mwingine kumwambia kama kuna mvua. Na ugomvi umeshaanza, nashukuru Mungu. Jaduong' anataka samaki mzima na kichwa chake mezani, Senje anasema kichwa ni cha paka. Jaduong' husikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya mahubiri ya uwanjani. Uchaguzi ukija watapigia watu tofauti, wameshaambiana, na hawakusemezana hadi wakati wa chai ya jioni.

Juzi binamu yangu alinitumia ujumbe akitaka nimuulize mama yake, kwa upole, kama ile fomu ya msajili imeshatiwa saini au bado kuna nafasi ya kuzungumza. Nilimsomea Senje kama ulivyo. Alikuwa anachambua mchicha na hakuinua kichwa.

"Mwambie aje aniulize mwenyewe," alisema. "Na akija abebe zile soksi nzito za wazee wake, jozi mbili. Namba tisa."